Bango la Kuokoa Umeme na Ndoo Yangu ya Maji ya Moto

Julai 2023 nilikuwa nafundisha fizikia kwenye shule moja ya bweni wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Aliyewahi kuishi Mufindi mwezi huo anaijua baridi yake. Ukungu unaingia jioni na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Vidole vinakufa ganzi juu ya chaki, na watoto wanavaa sweta mbili mbili na bado wanaficha mikono kwapani. Shule ilikuwa na mabweni manne, bwalo, jiko la kuni, kisima cha pampu na nyumba sita za walimu, vyote ndani ya uzio mmoja. Umeme ulikuwa wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, mita mbili: moja ya madarasa, mabweni na ofisi, nyingine ya pampu na nyumba za walimu. Zote mbili zililipiwa na shule.

Wiki ya pili ya muhula mkuu wa shule aliniita ofisini. Yuniti zilikuwa zinakwisha kabla ya siku zilizopangwa, na mhasibu alimweleza kwamba wanafunzi wanatoka mabwenini asubuhi na kuacha taa zinawaka. "Mwalimu, wewe ndiye mlezi wa klabu ya mazingira," akaniambia. "Fanyeni bango zuri mlitundike bwaloni, watoto waelimike." Nikaitikia. Sikumwuliza yuniti zinakwenda wapi, na yeye mwenyewe hakuwa anajua. Tulikubaliana dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Klabu ilikuwa na wanachama kumi na wawili. Tulikaa maabara Jumamosi nzima. Tuliunganisha manila nne kwa selotepu upande wa nyuma, tukapiga mistari ya penseli kwa rula ya ubaoni ili herufi zisipande wala zisishuke. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye mkono mwepesi wa kuchora, alichora dunia yenye macho na machozi mawili ya buluu, na pembeni yake balbu iliyokunja uso. Juu tukaandika kwa Kiingereza, kwa maka nyekundu, maneno ya kuwataka watu waokoe nishati ili waiokoe dunia. Tulichagua Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na kibao kilichopigiliwa kwenye mti karibu na geti kiliagiza wanafunzi wazungumze hiyo tu. Lilikuwa bango la kupendeza kweli. Mkuu wa shule alilipiga picha.

Lilikaa bwaloni wiki tatu. Mtu wa kwanza niliyemwona akilitazama kwa makini alikuwa binti wa kidato cha kwanza, amesimama mbele yake na sahani ya ugali mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu, sisi tuko wapi hapo?"

Nikatazama. Ile dunia ilinakiliwa kutoka kitabuni, na upande uliochorwa ulikuwa wa Amerika. Afrika ilikuwa nyuma. Watu kumi na watatu tuliinamia bango lile kutwa nzima na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Nilimwambia ukweli, kwamba sisi tuko upande wa pili. Akashukuru, akaenda kula.

Taa za mabwenini ziliendelea kuwaka mchana. Wiki ya tatu mtu alibandika ratiba ya mechi za mabweni juu ya yale machozi, na sikutafuta ni nani.

Kilichonigeuza ni swali nililoulizwa usiku mmoja nikiwa zamu ya prepo, kipindi cha kujisomea. Kijana alinyoosha mkono: "Mwalimu, taa ya bwenini kwetu ikiwaka usiku kucha inakula shilingi ngapi?" Nikaandika ubaoni kwamba nishati ni nguvu mara muda, nikaeleza wati, nikaeleza saa. Alinisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Asante mwalimu. Naomba ile ya bwenini kwetu." Sikuwa najua taa ya bwenini kwao ni ya wati ngapi. Nilikuwa nimewatundikia bango la kuwaambia wapunguze kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukipima.

Kama nyumbani una mita ya LUKU, nenda ukaitazame. Karibu na tarakimu kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na kwenye uso wa mita pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa kila yuniti moja. Yetu ilikuwa 1000. Yuniti moja ni kitu cha wati 1,000 kilichotumika kwa saa moja. Kwa hiyo kila kitaa kinapopepesa, umetumia sehemu moja ya elfu ya yuniti, na unaweza kukaa pale na kuhesabu umeme wako kwa macho.

Mita ya upande wa walimu ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba yangu. Jumamosi iliyofuata niliwaomba wenzangu ruhusa ya kuzima swichi kubwa za nyumba zao na ya pampu kwa saa mbili. Wengi walikuwa wanakwenda Mafinga sokoni, wakakubali. Wanafunzi sita wakakaa kwenye majani mbele ya mita, mmoja ameshika simu yangu kama saa. Ndani niliacha kitu kimoja tu kinawaka: balbu ya sebuleni, LED ya wati 9.

Tukangoja. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mwenye simu akasema mita imekufa. Mmoja akasimama kupiga nyayo chini kwa baridi, wenzake wakamvuta suruali aketi, asije akawaziba wakati ule ule. Kitaa kilipopepesa walipiga kelele kama wameona goli. Mwenye simu akaanza kuhesabu upya kutoka hapo mpaka kilipopepesa mara ya pili: dakika sita na sekunde kama arobaini. Taa ya wati 9 inahitaji muda wote huo kula sehemu moja ya elfu ya yuniti.

Nikazima taa, nikachomeka pasi ya wati 1,000. Ilipokuwa inapata moto, kitaa kilipepesa, sekunde tatu na nusu hivi, kikapepesa tena, na tena. Hapo hawakunihitaji mimi kuwaeleza chochote. Walikuwa wanatazama mita kama mtu anayetazama jeraha linalotoka damu.

"Mwalimu, una kingine kinachochemsha?"

Nilikuwa nacho. Nilikuwa na koili ya kuchemshia maji ya kuoga, ile ya kutumbukiza ndooni, na nilikuwa naitumia kila siku. Niliileta. Nikawaonya kwanza wasimame mbali, kwa sababu koili ikiwa imechomekwa maji hayaguswi kabisa, na ndiyo maana ni marufuku bwenini. Tulijaza ndoo ya lita 20, tukaweka kipimajoto cha maabara: nyuzi 15. Nikatoa kipimajoto, nikachomeka. Tulisubiri zaidi ya nusu saa, nikichomoa kwanza kila nilipotaka kupima, mpaka maji yakafika nyuzi 40. Tukasoma mita. Zaidi ya nusu yuniti ilikuwa imekwenda.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, mwenyekiti wa klabu, alikuwa amekwishaanza hesabu chini kwa kijiti: lita 20, nyuzi 25 za kupandisha, akafika yuniti 0.58. Akagawanya kwa ile taa. Saa 64. Akafuta kwa kiganja, akarudia, ikatoka ile ile. Ndoo moja ya maji yangu ya kuoga ingewasha taa ya sebuleni kwangu zaidi ya siku mbili na nusu, usiku na mchana bila kuzimwa. Kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti, pamoja na kodi na tozo, ndoo ile ilikuwa kama shilingi mia mbili. Na mimi nilikuwa naoga mara mbili kwa siku.

Akaendelea. Mabweni manne, kila moja na balbu kumi za wati 9, zote zikiachwa kuwaka saa kumi za mchana: yuniti 3.6. Nyumba sita za walimu, kila moja ndoo mbili kwa siku: karibu yuniti saba. Hapo hatujagusa majiko ya koili ambayo baadhi yetu tulipikia chakula cha jioni, kwa kuwa umeme ulikuwa wa shule na mkaa ni wa kununua.

Kukawa kimya. Kisha yule binti akasema taratibu, ameinamisha kichwa, "Mwalimu, samahani. Basi lile bango tungelitundika hapa."

Hakuwa amenikosea heshima. Alikuwa amesoma hesabu mpaka mwisho. Nikamwambia ni kweli, na wenzake wakanitazama kuona kama nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa na aibu, na nadhani ilikuwa aibu halali.

Wiki iliyofuata tuliacha rangi na karatasi, tukatembea. Tulikwenda wawili wawili na daftari, kuandika kila kinachotumia nishati ndani ya uzio, nani anakiwasha na nani anakizima. Swali hilo la mwisho alilileta kijana wa prepo, na ndilo lililozaa kila kitu.

Pampu haikuchukua muda. Tangi la juu lilikuwa halina boya la kuikatisha, kwa hiyo lilifurika kila lilipojaa usiku, na mlinzi alikuwa anajua limejaa kwa kusikia maji yakianguka kwenye bati. Boya likanunuliwa.

Taa za nje zilinishangaza zaidi. Zilikuwa nane, za wati 50 kila moja, na kwa muda mrefu niliziona zinawaka Jumapili saa sita mchana na nikadhani mlinzi ni mzembe. Wanafunzi walimwuliza. "Wanangu," mzee akawajibu, "hiyo swichi mimi sijawahi kuiona." Swichi ilikuwa ndani ya ofisi ya mhasibu. Mhasibu aliziwasha Ijumaa jioni akiondoka, akafunga mlango, akarudi Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi. Ukitoa masaa ya usiku, ambayo taa zile zilikuwa na kazi yake, zinabaki saa 26 na nusu za mwanga wa jua. Taa nane, wati 400, zaidi ya yuniti kumi kila wikiendi kwa kumulika mchana. Kumbuka mabweni manne yakisahau taa zote kutwa ni yuniti 3.6. Bango gani la bwaloni lingezima taa zile? Mzee mlinzi alikuwa amevumilia lawama za watu kama mimi kwa sababu ya ufunguo ambao hakuwahi kupewa.

Halafu tukafika jikoni, na hapo ndipo nilipotakiwa kuanzia.

Ukisema nishati shuleni, sisi walimu tunasikia umeme. Lakini jiko letu lilikuwa linalisha watoto mara tatu kwa siku kwa kuni, na kilo moja ya kuni kavu ina joto la zaidi ya yuniti nne. Lori moja likimwaga mzigo wa kuni za milingoti pale nyuma, limemwaga nishati ambayo mita yetu ya LUKU isingeihesabu kwa miezi. Kwenye bango letu hapakuwa na kijiti hata kimoja cha kuni.

Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo, macho mekundu muda wote kwa moshi. Nilimkuta anasukuma gogo kwa mguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu umeingia jikoni! Kuna msiba?"

Nikamweleza tunachotafuta. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma kwenye kuni, akachukua kipande na kunipa. Kilikuwa kizito kama jiwe, na nilipokigeuza kwenye mkato kilikuwa kinatoa maji. "Hizi zimekatwa juzi," akasema. "Nikiziweka motoni zinalia kwanza, zinatoa povu, ndipo ziwake. Mimi napika maji ya kwenye mti kabla sijapika maharage ya watoto." Nimefundisha joto fiche miaka kadhaa na sijawahi kulieleza vizuri kuliko alivyolieleza mama yule.

Nikamwuliza kuhusu maharage. Yalichukua saa tano mpaka sita kuiva, kila siku ya Mungu. "Mama, hamyaloweki?" Nilidhani namfundisha. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini hatuli.

"Mwalimu, nimezaliwa nikiona mama yangu analoweka maharage. Nayatoa wapi ya kuloweka? Stoo anafungua saa mbili asubuhi. Ananipimia ya leo, leo. Saa saba watoto wanataka kula. Nitayaloweka saa ngapi?"

Nilisimama pale na kipande changu cha kuni mkononi. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva upesi zaidi, kila mtu nchi hii anajua. Kizuizi kilikuwa ufunguo wa stoo na saa ya kupima. Akaniambia alishawahi kulisema, akaambiwa utaratibu wa stoo ni asubuhi. Akaacha kusema.

Nilirudi nyumbani nikaweka madaftari ya wanafunzi mezani, nikaona jambo moja linajirudia ukurasa kwa ukurasa. Kila mahali tulipofuata nishati inakopotea kwa wingi, mwisho wa safari tulikuta mlango uliofungwa na mtu mzima mwenye ufunguo: ofisi ya mhasibu, stoo, nyumba yangu. Na bango letu la kwanza tulikuwa tumelielekeza kwa watoto, watu ambao hawakuwa na ufunguo wowote ndani ya uzio ule. Tulichagua kusema nao kwa sababu wao hawawezi kujibu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko ile dunia ya Amerika.

Kwa hiyo mabango ya pili yalikuwa mengi na madogo, ukubwa wa nusu karatasi ya daftari kubwa, kila moja kwa ajili ya mtu mmoja na mahali pamoja. Kwa Kiswahili. Tulikubaliana kwamba hakuna bango litakalosema "tuokoe", kwa sababu neno hilo halimwambii mtu afanye nini na mkono wake. La ofisi ya mhasibu liliandikwa: "Ijumaa, mwachie mlinzi ufunguo wa swichi." Hilo halikuning'inia hata siku mbili, mhasibu aliliona, akaomba fundi ahamishie swichi nje kwenye kibanda cha mlinzi, na kazi yake ikaisha. Sijawahi kuona bango lililofaulu kuliko lile ambalo baada ya siku mbili halikuwa na sababu ya kuwepo.

La mabwenini lilizua ubishi. Yule mwenyekiti alikataa kuchora dunia. Alitoka upande wa milima ya Udzungwa, akasema yeye atachora chura wa Kihansi. Wenzake hawakumwelewa, ikabidi awasimulie, na mimi nikaongezea niliyokuwa najua.

Mto Kihansi unaanzia huku kwenye nyanda za juu na kuporomoka miteremko ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Kwenye rasharasha za maporomoko yake aliishi chura wa rangi ya njano, mdogo kuliko kidole gumba, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine bali huzaa vitoto vilivyo hai. Wanasayansi walimtambua mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa unaendelea. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, rasharasha zikapungua na makao yake yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, ili kizazi kisipotee. Korongoni wakawekewa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Mwaka uliofuata vyura mia moja waliozaliwa ughaibuni walirejeshwa Dar es Salaam, kujiandaa kurudi kwao.

Sisemi mradi ule usingejengwa. Hospitali zinauhitaji, na mimi mwenyewe nimesoma kwa umeme wa maji: wa Kihansi, wa Kidatu, wa Mtera. Wanafunzi wetu waliotoka Dodoma walikuwa wanapita juu ya ukuta wa Mtera kila wakija shule, na mmoja alisema yeye huchungulia dirishani kuona maji yako wapi, kwa sababu baba yake alimweleza mgao wa umeme wa 2006 ulianzia pale. Ninachosema ni kwamba umeme una mahali ulikotoka, na mtoto akipajua, swichi inabadilika mkononi mwake.

Binti alichora chura mmoja tu, wa njano, amekaa kwenye jani, na tone moja la maji mgongoni. Alitumia muda mrefu kwenye macho. Chini akaandika kwa herufi za mkono: "Umeme huu ulikuwa maji yangu." Alilibandika juu kidogo ya swichi ya bweni la wasichana, usawa wa macho ya mtu anayenyoosha mkono kuzima. Baada ya siku tatu liling'olewa. Alikuja kwangu machozi yakimlengalenga, nikadhani tumerudi kule kule. Matroni akalikuta kwenye sanduku la mtoto wa kidato cha kwanza, limewekwa katikati ya daftari lisikunjike. Alikuwa amelipenda. Tuliishia kuchora vyura tisa, kimoja kwa kila swichi, na kimoja akabaki nacho yule mdogo.

La walimu nililibandika mwenyewe, na kabla ya kulibandika niliomba dakika tano kwenye kikao. Nilianza na ndoo yangu. Niliwaambia nimehesabu, nikawaonyesha ile hesabu ya saa 64. Baadhi walitikisa kichwa kwa mshangao. Mwenzangu mmoja alichukia, na alisema wazi: "Kwa hiyo unataka tuoge maji ya baridi Julai, Mufindi hii? Mshahara tunaoujua wote, hata maji ya moto tunyang'anywe?" Hakuwa na kosa. Sikuwa na haki ya kumpa jibu la bango. Nikamweleza nilichopanga na mama mpishi: baada ya chakula cha jioni makaa yanabaki mekundu chini ya masufuria makubwa mpaka usiku, yanakufa bure. Pipa la maji likikalishwa pale juu, na kufunikwa, linafika asubuhi bado lina uvuguvugu wa kuogea. Walimu wanne kati ya sita walianza kutuma ndoo jikoni. Wawili waliendelea na koili zao, na sikuwasema tena. Watoto wagonjwa waliolala chumba cha matroni ndio walifaidi pipa lile zaidi, jambo ambalo sikulifikiria kabisa nilipoanza.

Watu huniuliza mabango yale yaliokoa yuniti ngapi. Ningependa kuwapa tarakimu, lakini mwalimu wa fizikia ana wajibu wa kutokudanganya kwa tarakimu. Mwishoni mwa mwaka ule ukaja mgao nchi nzima, siku nyingine tulikaa gizani toka asubuhi mpaka usiku, na matumizi yakashuka kwa kila mtu, mwenye bango na asiye nalo. Umeme ulianza kutengemaa mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, wa megawati 235, ulipoanza kuzalisha Februari 2024. Kupima kabla na baada hakukuwezekana tena. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: taa za nje zilizimwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mzee aliyekuwa na swichi yake, na tangi halikufurika.

La jikoni lilikuwa la mwisho na lilichelewa, kwa sababu mtunza stoo alihitaji idhini, na idhini ilihitaji kikao. Mama mpishi alisema hataki picha. Aliniambia maneno, nikaandika kama alivyoyasema, kwa maka nyeusi, na tukalibandika kwenye mlango wa stoo kwa nje: "Maharage ya kesho yanapimwa leo saa kumi na moja jioni."

Jioni ya kwanza nilipita makusudi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Mtunza stoo alikuwa ametoa mizani mlangoni, anamimina maharage kwenye gunia kwa koleo, anasoma kilo kwa sauti, na mama anarudia kila kilo nyuma yake. Kisha wawili wakalinyanyua gunia wakalimwaga kwenye pipa la bluu lililokuwa limejaa maji nusu. Mama akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akauzamisha, akakoroga taratibu, akiokota zile zinazoelea na kuzitupa pembeni.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "kesho watoto watakula saa saba, siyo saa nane."